Wapiga video, msitukabidhi diski zisizo na jina

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaopiga video za harusi na kipaimara hapa Dodoma: msitukabidhi diski isiyoandikwa kitu ndani ya kikaratasi cheupe.

Mwaka 2011 mdogo wangu alioa kule Mvumi. Diski tuliyopewa haikuandikwa chochote. Miaka michache baadaye niliikuta shambani, imefungwa uzi mtini, ikimetameta kufukuza ndege wasile uwele. Waliidhani takataka. Humo ndimo alimokuwamo baba, marehemu sasa, akimpa bibi harusi nasaha kwa Kigogo. Sauti yake nyingine hatuna.

Tangu hapo kila diski ya nyumbani naitengenezea kava mwenyewe. Kasha la kawaida la DVD linataka karatasi ya milimita 273 kwa 183, hivyo A4 moja inatosha. Katikati acha milimita 14 za mgongo, uandike tukio na mwaka, maana kabatini kinachoonekana ni mgongo tu. Mbele naweka picha ya siku yenyewe. Nyuma, majina ya wazee waliohudhuria. Juu ya diski sibandiki stika kamwe, ikikaa upande diski huyumba na deki hugoma kuisoma.

Sasa ninayo makasha 43 kabatini, na wajukuu wasiojua kusoma huchagua kwa picha: "Bibi, tuwekee lile la babu mwenye kofia." Ndugu wapiga video, mnazo picha zetu na printa mnazo. Tuongezeeni hata bei kidogo, tutalipa.

Bibi wa wajukuu sita,
Chang'ombe, Dodoma