Simu nzito kiunoni

Houston, Texas
14 Septemba 2025

Kuruta mwenzangu Baraka,

Habari za Kimara? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila joto la huku halijaondoka na miguu imevimba kwa zamu za usiku.

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Ulipofika pale pa "siku hizi umekuwa jambazi?" nilicheka peke yangu garini kama chizi. Ndiyo kaka, ile picha ya siku ya shabaha niliyoiweka WhatsApp, ile bastola ni yangu, nimeinunua kwa risiti na kibali cha kuibeba ninacho. Halafu ukaingia kwenye yale ya dukani, wale vijana wa bodaboda waliokupora pesa za uwakala, na swali lako la mwisho: na wewe uombe umiliki silaha? Hilo siwezi kulijibu kwa sauti ya dakika mbili nikiwa kwenye foleni. Ndiyo maana umeona barua.

Unajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Zamu yangu inaanza saa tano usiku. Mwaka juzi dada mmoja wa Kinigeria tunayefanya naye kazi alivamiwa palepale kwenye maegesho, anashuka tu kwenye gari. Mkoba ukaenda, simu ikaenda, na jino la mbele likaenda. Ndani ya wiki ile watu watatu kazini tulinunua bastola, na mmoja ni mimi.

Dukani ilichukua muda mfupi kuliko kusajili laini ya simu. Mwenye Green Card anaruhusiwa kununua. Nikajaza fomu, muuzaji akapeleka majina yangu FBI kwa kompyuta, na majibu yakarudi kabla sijamaliza soda. Kuibeba mwilini pia hakuna mlolongo. Tangu Septemba 2021 mtu mzima wa miaka 21 na kuendelea, asiye na makosa ya kumzuia, anaweza kutembea Texas na bastola chini ya shati bila kibali chochote. Mimi kibali nilikitafuta kwa hiari yangu. Mtu mweusi mwenye lafudhi ya Tanga, nikaona heri niwe na karatasi.

Darasa ni la siku moja. Baada ya nadharia mnaenda kupiga risasi 50: yadi tatu, yadi saba, yadi kumi na tano. Yadi tatu, Baraka! Ni kutoka kaunta yako hadi kwenye friji la soda. Alama zote 250, na ukipata 175 umefaulu. Nilipata 231, nikajiona komando. Nikakumbuka JKT Mafinga 2014, tumelala kifudifudi kwenye umande na SMG, meno yanagongana kwa baridi, na wewe risasi zako zote zikaishia kwenye kichuguu. Afande alikupa adhabu gani vile? Ile ya kuruka kichura mpaka kantini?

Mwalimu wa huku, mzee wa Kizungu mwenye utani mwingi, alituanzia na kisa cha mji wa Killeen. Tarehe 16 Oktoba 1991 mtu mmoja alivunja kioo cha mgahawa wa Luby's kwa pikapu yake, watu wako kwenye chakula cha mchana, akashuka na kuanza kuua. Walikufa 23. Mle ndani alikuwemo dada anaitwa Suzanna Gratia, amekaa na wazazi wake. Bastola alikuwa nayo, lakini kaiacha kwenye gari, maana wakati ule sheria ya Texas ilikataza kuibeba kwa kuificha. Baba na mama yake wote wakauawa. Akahangaika kusimulia habari ile kila mahali, mwaka 1995 Gavana George W. Bush akasaini sheria ya vibali, na baadaye dada mwenyewe akachaguliwa kuingia bunge la jimbo. Darasa zima lilikuwa kimya. Nikisema kisa kile hakikuniingia nitakuwa mwongo. Kila nikikaa mgahawani sasa hivi natazama mlango.

Akamalizia na kanisa la White Settlement, kule karibu na Fort Worth, Desemba 2019. Mtu kaingia na bunduki, muumini mmoja akamwangusha kwa risasi moja ndani ya sekunde sita. Wote tukatikisa vichwa kwa kuridhika. Nilipokuja kusoma mwenyewe nikakuta yule muumini, Jack Wilson, ni mtu aliyekuwa akifundisha wengine kulenga shabaha, na katika sekunde hizo sita tayari waumini wawili walikuwa wamepigwa na kufa. Mimi na alama zangu 231 za kwenye karatasi isiyokimbia ningekuwa bado nahangaika na shati.

Maana shati nalo ni kazi. Hakuna anayekwambia. Bastola inakaa ndani ya suruali, kwenye ala ya plastiki ngumu, upande wa kulia nyuma kidogo ya nyonga. Na risasi zake inakaribia kilo moja. Suruali zote nilinunua upya, namba moja zaidi. Mkanda uwe mgumu kama wa punda. Julai huku nyuzi 38, wenzako wamevaa fulana nyepesi, wewe umevaa shati pana unalowa jasho na ngozi imechubuka. Ukiingia duka la Waafrika unga wa ugali uko rafu ya juu, unawaza: nikinyoosha mkono shati litapanda. Nikawa nasubiri apite mtu mrefu nimwombe anishushie. Mimi, Baraka, mwenye futi sita!

Halafu mabango. Kila mlango unausoma kwanza. Kuna bango wanaloliita thelathini-sifuri-sita, maandishi ya Kiingereza na Kihispania, ukiliona hapo usiingie na silaha iliyofichwa. Baa zina lao lenye 51 kubwa nyekundu. Na kazini kwetu, nadhani umeshafika kabla yangu, bango lipo mlangoni. Sheria inaniruhusu kuiacha kwenye gari nikilifunga. Basi saa tano kasoro usiku nazima gari, naivua, naifungia kwenye kiboksi chini ya kiti, nashuka, navuka maegesho yaleyale yaliyomng'oa dada wa watu jino, mikono mitupu. Asubuhi vilevile kurudi. Nilifanya hivyo miezi minne kabla sijajicheka. Tena huku kuvunja magari kutafuta bastola ni biashara ya wezi, kwa hiyo nikiwa ndani nageuza wagonjwa roho iko nje inalinda kitu nilichokinunua kinilinde.

Ila kuna jambo nililoliona zuri, nalo lazima nikwambie. Nilikuwa mpole. Mtu akinichomekea barabarani, simpigii honi. Akinitukana, namwachia. Mwalimu alisema ukishaibeba umekubali kushindwa kila ugomvi, kwa sababu hakuna tena ugomvi mdogo. Unanijua mimi na ulimi wangu. Mwaka mzima sikujibizana na mtu.

Tatizo lilikuwa macho. Nilianza kuwapima watu. Huyu mikono yake iko wapi, huyu mbona kavaa koti. Siku moja usiku niko kituo cha mafuta, namalizia kujaza, nikasikia hatua nyuma yangu zinakuja upesi. Nikageuka, mkono wa kulia ukawa umeshafika kiunoni na shati nimeshalishika. Kumbe ni mzee wa Kimeksiko, mfupi, kofia ya kazi, ananionyesha gari lake lenye boneti wazi. Alichokuwa anataka ni waya wa kuchaji betri. Aliona mkono wangu ulipo, na akajua. Akainua viganja vyote viwili usawa wa mabega, akarudi kinyumenyume huku anasema pole, pole, kwa Kihispania. Nilimwita. Waya ninao kwenye buti, nikamwonyesha kabisa. Hakurudi. Akaingia ndani ya gari bovu lake akajifungia milango.

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa.

Polisi nao walinisimamisha mara moja, taa moja ya nyuma haiwaki. Ukiwa umebeba, askari akikuomba kitambulisho unampa leseni ya udereva pamoja na kibali. Mikono nikaiweka juu ya usukani vidole vimetanuka, na kichwani mwangu yuko Philando Castile tu. Wewe utamkumbuka, ile video ilizunguka sana. Minnesota, Julai 2016. Alikuwa mfanyakazi wa jikoni kwenye shule, kibali anacho, akamwambia askari kwa adabu kabisa kwamba ana silaha, akapigwa risasi kwenye kiti cha dereva, mchumba wake pembeni na mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Askari alishtakiwa, mwaka 2017 akaachiwa huru. Wangu alikuwa mstaarabu, akanirudishia karatasi akaniambia nikatengeneze taa. Lakini nilikaa pale pembeni ya barabara dakika nyingi nikisubiri miguu irudi. Kile kitu kinachompa Mzungu wa darasani kwetu amani, mimi kilikuwa kinaniongezea namna ya kufa.

Na mzee wangu alipofariki, ule mwezi wa pili, makaratasi yangu ya kusafiri hayajakaa sawa nikashindwa kuja kuzika, nilimpelekea rafiki yangu Kassim bastola akae nayo kwake. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki Marekani hujiua wenyewe. Sikuwa nimefika huko. Ila nilikuwa peke yangu mno kwenye kile chumba. Kassim hakuniuliza kitu, alinipa chai akaifungia kabatini mpaka nilipoifuata.

Sasa nikwambie kilichonifanya niache kabisa kuibeba. Neema, yule wa Rombo tuliyekuwa naye kambini, alijifungua hukuhuku, na mama yake akaja kumlea. Siku ya ubatizo wa mtoto tulikuwa nyumbani kwao, nyama iko motoni, mtori kwenye sufuria kubwa. Mama Neema aliponiona akanikumbatia, ule ukumbatio wa mama zetu wa kukubana mpaka pumzi, mkono mmoja mgongoni na mwingine unakupigapiga kiuno. Ukapiga palepale. Ukasimama.

"Mwanangu, nini hiki?"

"Simu, mama."

Akapapasa tena kidogo, polepole, kama anavyopapasa tumbo la mtoto mwenye homa. "Simu yako nzito," akasema. Akaniachia, akaenda kugeuza ndizi. Mtoto wa watu alipopitishwa mkono kwa mkono na kufika kwangu, nilimpitisha kwa jirani sijamshika.

Marehemu babu yangu kule Handeni alikuwa na gobore. Lilining'inia ukutani sebuleni, kila mtu kijijini anajua lipo, nguruwe pori wakiingia shambani anafuatwa yeye. Mmasai anapanda daladala na sime yake kiunoni, konda anamwona, abiria wanamwona. Mimi yangu ilinifanya nimdanganye mama wa watu aliyevuka bahari kulea mjukuu. Kila niliyemsalimia mwaka ule nilimsalimia nikiwa na siri.

Sijaiuza. Usije ukaniona mtakatifu. Iko kwenye sefu chumbani, na mara moja moja naenda nayo kupiga shabaha, ndiyo ile picha. Siku kukiwa na ujambazi mtaani usiku huwa naitoa naiweka karibu. Ila kiunoni haikai tena, tangu Machi.

Kwa hiyo swali lako. Ulisema vijana walikuja wawili, mmoja akabaki na pikipiki imewaka, mwingine akaruka kaunta, na mpaka umegeuka ameshatoka. Kwa hesabu hiyo hata droo usingeifungua. Na ukishapata kibali, usinidanganye, utamwonyesha fundi simu wa jirani, naye atamwambia mtu mmoja tu, na safari nyingine hawatakuja kwa ajili ya pesa. Mimi ningebadilisha saa ya kufunga, na pesa zisilale dukani, unazipeleka benki mchana kabla giza halijaingia. Yule kijana wako anayeshinda kwenye TikTok mweke akae mlangoni, nje. Lakini aliyeporwa ni wewe, nami niko mbali, na bado nina yangu kwenye sefu. Ukiamua kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuanza taratibu, nitakuelewa. Nipigie kwanza tu.

Mama Neema anarudi mwezi ujao, atafikia kwa mwanawe wa mwisho Mbezi kabla ya kupanda kwenda Moshi. Nimempa viatu vyako namba 43, na vitamini za shemeji. Nenda kavichukue mwenyewe, usitume bodaboda, anapenda kusalimiwa. Akikuuliza habari ya ile simu yangu, mwambie nimebadilisha, natumia nyepesi.

Wako,
Kuruta Hamisi