Barua kutoka Uskoti: kijiji cha Ruthwell na sanduku la kufuli tatu

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na habari za kikundi nimezisoma mara mbili: nani kachelewesha hisa, nani kanuna kwa faini, na wewe mweka hazina umechoka, unataka kurudisha daftari wamtafute mwingine. Kabla hujalirudisha, acha nikusimulie habari za kijiji kimoja cha huku. Halafu ufanye utakavyo.

Kinaitwa Ruthwell. Kiko kusini kabisa mwa Uskoti, kati ya Dumfries na Annan, ambako nchi hii inatazamana na Uingereza ng'ambo ya ghuba ya Solway. Ukipita kwa gari bila kuambiwa, hutajua kama umepita: nyumba chache, malisho ya ng'ombe, na kanisa lililojitenga peke yake. Ghuba yenyewe ni tope na mchanga. Maji yakipwa huenda mbali mno, na yakijaa hurudi kwa kasi inayomtisha hata mtu aliyezaliwa pwani na kuona bamvua nyingi. Zamani watu wa hapo walikuwa wapika chumvi. Walikwangua mchanga ulioshika chumvi, wakauchuja kwa maji, kisha wakayachemsha maji hayo mpaka yakakauka. Wanasimulia kwamba mfalme James VI aliiona taabu yao akawasamehe kodi. Mfalme kusamehe kodi kwa huruma! Lakini ndivyo wanavyosimulia.

Kinachowaleta wageni ni msalaba wa jiwe ulio ndani ya kanisa. Una urefu wa zaidi ya mita 5 na ulichongwa karne ya 8. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba kwanza ulisimama karibu na bahari, mahali paitwapo Priestside, kisha ukavutwa kuja bara na maksai wa mjane mmoja. Walipofika hapo kamba zikakatika. Watu wakasema basi, Mungu amechagua, wakausimamisha papo hapo. Katika hadithi yote mimi nilimpenda huyo mjane. Haijulikani anaitwa nani, lakini waliosimulia, karne baada ya karne, hawakukubali kusema "maksai" tu. Lazima wawe wake.

Mwaka 1640 mkutano mkuu wa Kanisa la Uskoti uliamuru masanamu ya makanisani yavunjwe, kwa kuwa waliyahesabu kuwa ni ibada ya sanamu. Mwaka 1642 zamu ya Ruthwell ikafika, msalaba ukaangushwa, ukavunjika. Mchungaji wa wakati huo alikuwa Gavin Young, aliyeingia 1617 na kubaki hapo mpaka 1671. Katika miaka hiyo mfalme alikatwa kichwa, wengine wakatawala, ufalme ukarudi, na kanisa likabadilishwa uongozi zaidi ya mara moja, yeye hang'oki. Mtu wa namna hiyo nadhani alijua kutii nusu. Maana vipande havikusagwa wala kutupwa baharini. Viliachwa humo humo kanisani na watu wakavikalia wakati wa ibada. Kaburi lake na mkewe, Jean Stewart, linasema wamelala na watoto wao 31 kando yao. Thelathini na mmoja, Mwanaidi! Jiwe linamsifu Bibi Jean kwa utakatifu, na kwa hesabu hiyo sina la kubisha.

Sasa nifike kwenye lako. Mwaka 1799 alikuja mchungaji kijana, Henry Duncan. Kabla ya hapo alifanya kazi ya benki Liverpool kwa miaka mitatu, akaiacha. Alikuta watu maskini wa mashamba, wanaopata kidogo na kukila kidogo hicho, na ugonjwa au uzee ukija wanangojea sadaka ya parokia. Benki za wakati huo zilikuwa za wenye nacho. Kufungua akaunti kulitaka pauni 10, na kibarua angezitoa wapi? Duncan akaona kumpa maskini kila siku kunamdhalilisha, afadhali awe na chake. Mwezi Mei 1810 akafungua benki ya akiba katika kijumba cha kijijini, ambako mtu aliweza kuanza kwa peni 6, yaani nusu shilingi. Fedha zilizokusanywa zilipelekwa kwenye benki kubwa iliyotoa riba ya asilimia 5. Wanachama walipewa 4, na tofauti ikaendesha shughuli. Mwaka wa kwanza zilipatikana pauni 151. Kwa kijiji kile, na kwa nusu shilingi nusu shilingi, si haba.

Faini nazo zilikuwepo. Aliyeshindwa kuweka shilingi 4 kwa mwaka mzima alitozwa shilingi 1. Kwa hiyo ukiambiwa na wale wanaonuna kwamba faini ni roho mbaya yako wewe, waambie ilianza kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Kulikuwa na kanuni nyingine isiyonipendeza: kabla ya kukupokea walichunguza umri wako, familia yako na mwenendo wako. Hapo Duncan alizidi. Fedha ya mtu ni jasho lake. Akilewa Jumamosi, peni yake ya Jumatatu haina kosa.

Lakini subiri usikie la sanduku. Kile kijumba baadaye kilifanywa makumbusho ya benki za akiba, na kitu chake maarufu ni sanduku la fedha la kufuli tatu, ambalo halifunguki mpaka washika funguo watatu wakutane. Nilicheka peke yangu. Kwa miaka yote niliyokuwa nakuona unabeba lile la kwenu juu ya kichwa, kufuli tatu, washika funguo watatu, na mmoja lazima achelewe, nilidhani ni ujanja wa siku hizi wa wale waliokuja kufundisha vikundi. Kumbe watu wamekuwa wakikosa kuaminiana kwa utaratibu mzuri namna hiyo tangu zamani. Kutoka kijijini hapo benki za akiba zilienea Uskoti yote, zikavuka kwenda Uingereza, na Bunge la London likatunga sheria za kuzilinda. Duncan mwenyewe alikwenda London kuwashawishi wabunge.

Huyo huyo ndiye aliyeokota msalaba. Vipande vilikuwa vimeshatolewa kanisani, akavikuta vimetupwa makaburini vikiliwa na mvua, akavikusanya, na mwaka 1823 akausimamisha katika bustani ya nyumba ya mchungaji. Mikono ya msalaba haikupatikana, akachongesha mipya kwa alama alizobuni mwenyewe, na kipande cha juu kabisa kikawekwa mbele nyuma. Wataalamu wananung'unika mpaka leo. Mimi nasema asingethubutu kukosea, wangekuwa hawana cha kunung'unikia.

Pembeni mwa msalaba kuna maneno ya Kiingereza cha kale, yaliyochongwa kwa herufi za kale za kaskazini mwa Ulaya ziitwazo runi, ambayo kwa muda mrefu hakuna aliyeyasoma sawasawa. Msomi mmoja kutoka Iceland aliyasoma akaona habari za chombo cha kanisani na mashamba yaliyoharibiwa. Mwaka 1840 Mwingereza John Kemble akatambua kwamba ni shairi. Baadaye shairi lenyewe, refu zaidi, likaonekana katika kitabu cha kale cha mkono kilichohifadhiwa Vercelli, Italia. Wewe mpenda mashairi utalipenda: anayesema ni msalaba. Unaeleza jinsi ulivyombeba Yesu, ulivyotetemeka lakini haukuthubutu kuinama, ulivyolowa damu. Jiwe limechongwa maneno ambayo mti unayasema.

Mengine nikuguse tu. Mwezi Julai 1796 mshairi Robert Burns, akiwa mgonjwa sana, alikuja kwenye kisima cha Brow katika parokia hiyo hiyo kunywa maji ya chuma na kusimama baharini mpaka kwapani, kwa amri ya daktari. Hebu fikiri, bahari ile ya baridi! Siku moja alialikwa chai na familia ya mchungaji. Jua likampiga machoni, binti wa nyumba, Agnes Craig, akainuka kufunga pazia. Burns akamwambia aliache jua liangaze, halitamwangazia muda mrefu. Alifariki tarehe 21 mwezi huo, ana miaka 37. Binti yule ndiye aliyeolewa na Henry Duncan mwaka 1804.

Mwaka 1843 Kanisa la Uskoti liligawanyika kwa ugomvi juu ya nani ana haki ya kuwachagulia watu mchungaji: wenye ardhi au waumini wenyewe. Duncan, karibu miaka 70, akatoka pamoja na waumini wake wengi. Kutoka maana yake aliiacha nyumba, mshahara, na ile bustani yenye msalaba aliousimamisha kwa mikono yake. Alifariki 1846. Msalaba uliingizwa kanisani 1887. Ulikuwa mrefu kuliko nafasi, ikabidi sakafu ichimbwe ushuke chini.

Sasa nijibu haya: kikundi chenu kinamruhusu mtu kutoa akiba yake akitaka kuoa au kuolewa kabla ya mgawo wa mwaka? Ruthwell anayefunga ndoa alipewa riba ya juu, kama ameshatimiza miaka mitatu na kiasi kilichowekwa. Lizungumzeni kikaoni. Na daftari ulirudishe au usilirudishe, huyo mshika ufunguo anayechelewa mtozeni faini.

Wasalimie nyumbani, na mama mpe mkono kwa niaba yangu.

Ni mimi shoga yako,
Zuhura