Shukrani kutoka kwa familia: mmetuzikia Guku (babu) wetu

Kwa niaba ya familia, watoto, wajukuu na vitukuu, wabheja sana. Shukrani za msiba mara nyingi zinakua orodha ya majina na vyeo watu wanazipita tu, kwa iyo mimi sitaji mtu, kijiji kinajijua.

Naanza na vijana wa kaburi. Jamani wale vijana! Walifika kiunoni wakakuta jabali, na huku kwetu ng'ambo ya Busisi mawe ndo wenyeji sisi wahamiaji, wazee wakasema basi tusogeze kidogo, vijana wakagoma, mzee alionyesha mwenyewe alale pembeni ya bibi. Ikaletwa mitaimbo na nyundo, anayechoka anatoka shimoni anapewa uji anaingia mwingine, mpaka usiku wa manane, kwa zile taa za sola za kuvulia dagaa zilizoazimwa mwaloni kwa wavuvi. Sasa asiyejua dagaa hawezi kuelewa hiyo taa ina uzito gani. Mwezi ulikua hakuna, giza totoro, yaani ndo usiku wa hela wenyewe maana dagaa wanafuata taa gizani, na watu wakaacha mitumbwi ufukweni taa zije kumulika kaburi. Hatuna cha kuwalipa.

Wengi mlimjua Guku akiwa mzee wa fimbo na kofia tu. Ujana wake alikua karani wa mizani kwenye chama cha msingi, enzi za ushirika ule wa wakulima wa pamba, Victoria Federation ulioanzishwa 1955 na kina Paul Bomani, baadae ukaitwa Nyanza. Kazi ya mizani ilikua ya lawama maana mkulima akiambiwa pamba yake ni fifi (daraja la chini) sio safi anaona kaibiwa mchana kweupe, ila yeye alikua anamwita mwenye pamba asogee asome mshale mwenyewe. Ushirika ukaja kuvunjwa 1976, ukarudi miaka ya themanini, yeye hakurudi mizani tena ila kuandika hakuacha.

Maana kabla ya hapo, 1974, ilishapita operesheni vijiji. Kila mtu alikua na mji wake huko, na minyaa yake ya uzio na makaburi ya wazee wake, wakaondolewa wakapangwa kwenye mstari barabarani na majirani ambao wengine hata hawajuani. Guku alikua anasema shida ya kwanza haikua nyumba, ilikua mtu akifa utazikwa na nani. Ndo wakaanzisha chama cha kuzikana, na yeye karani akapewa daftari.

Madaftari hayo tumeyakuta kwenye sanduku lake, kurasa zimeliwa na mende pembeni. Mjane mmoja kaandikiwa "kuni, mzigo 1", chini yake mwenye duka na hela yake, mwandiko ule ule, hakuna aliyepigiwa mstari wala kuwekwa juu. Kuna mtu kaandikwa "hakuleta kitu, alichota maji siku zote". Kiukweli hapo baba mdogo alishindwa kuendelea kusoma.

Kwa iyo msiba wake tumeandika hivo hivo. Michembe ya viazi, udaga wa muhogo, mbuzi, masufuria, mlioimba, mliolala nje na sisi, katekista na kwaya ya kigango, sungusungu waliolinda usiku. Wauguzi wa Bugando nao asanteni kwa uvumilivu, mzee alikua mbishi wa dawa tunajua. Ndugu wa Magu, Misungwi na Shinyanga mmefika wote kwa wakati, zamani msiba ulikua unakwama Kigongo gari la maiti linasubiri kivuko na waombolezaji wanakula mahindi ya kuchoma, toka daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 mtu anavuka hata hajamaliza kuongea na simu. Guku alivuka juu mara ya kwanza akiwa ndani ya jeneza, hilo linauma kidogo, alikua analisubiri sana.

Mlioko mbali mliotuma kwa simu mmeandikwa pia, ambaye hajaona jina lake kwenye grupu amwambie shangazi sio kunung'unika pembeni.

Misa ya arobaini itatangazwa kigangoni. Halafu kuna sufuria kubwa lenye rangi nyekundu kwenye mkono na mitaimbo miwili havijapata wenyewe, vipo kwa shangazi, njooni mchukue kabla mvua hazijaanza maana watu watavihitaji shambani.