Barua ya wazi kwa Kamanda wa Usalama Barabarani: injini zinanyanyuka kwenye malori yetu ya zamani

Mheshimiwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani,

YAH: MAUNTINGI ZILIZOKATIKA KWENYE MALORI YA ZAMANI

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na askari wako mnaoshinda juani. Mimi ni fundi wa malori hapa Iringa, na kabla ya kushika spana nilikuwa utingo. Nakuandikia kuhusu kipande cha mpira kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Kimebanwa kati ya mabamba mawili ya chuma, bamba moja limefungwa kwenye injini, la pili kwenye chesisi. Gerejini tunakiita mauntingi. Wenye magari wengi wanajua kazi yake ni kupunguza mtikisiko, kwa hiyo kikikatika wanasema gari linanguruma tu, litengenezwe mwezi ujao. Mimi nimeona kazi yake nyingine.

Nilikuwa kijana, utingo kwenye Bedford iliyokuwa ikibeba nyanya na vitunguu kutoka Ilula. Wiki nzima dereva wangu, mzee mtulivu ambaye hakuwa na haraka na barabara, alikuwa akilalamika kwamba kila anapoondoa gari anasikia kishindo, "goo!", chini ya miguu. Tajiri akalipeleka gereji. Wakaliwasha, wakasikiliza, wakasema ni gari la zamani, ndivyo yalivyo. Tukarudi kazini.

Siku ile tulikuwa tumejaza matenga mpaka juu. Mzee akatia gia ya kwanza, akaachia klachi polepole kama kawaida yake. Kile kishindo kikasikika, safari hii kikubwa, upande wangu, na gari likaruka mbele. Nilimwona kwa macho yangu akiondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta. Mguu uko hewani, na injini inazidi kuvuma. Mbele yetu walikuwa wamekaa akina mama na nyanya zao wamezipanga mafungu mafungu. Mzee alikanyaga klachi mpaka chini, injini ikalia kilio ambacho sijakisikia tena, akavuta waya wa kuzimia. Tulisimama hatua mbili kutoka kwenye fungu la kwanza. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na hata hakuwa amewahi kuinuka.

Tulipofungua boneti hatukuona kitu. Mauntingi zote mbili zilionekana nzima. Mzee akaniambia nilete gogo na kipande cha ubao. Akaweka ubao chini ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, akaingiza gogo, akaniambia ninyanyue taratibu. Nikanyanyua. Mauntingi ya kushoto ikafunguka kama mdomo: bamba la juu likapanda na injini, mpira ukabaki chini. Mle ndani mpira ulikuwa mweusi unaong'aa kwa oili, na ukiupitisha kidole unatoka kama masizi. Nikaachia gogo. Mdomo ukafumba, mauntingi ikawa nzima tena.

Mheshimiwa, hapo ndipo ilipo shida. Gari likiwa limesimama, uzito wa injini wenyewe unaifunga mauntingi iliyokatika. Mtu anaweza kuchungulia na tochi asubuhi hadi jioni na asione ufa. Unafunguka gari linapovuta mzigo.

Sababu ni hii. Injini inapozungusha shafti kwa nguvu, yenyewe nayo inasukumwa kupinduka upande wa pili. Kwa injini nyingi za malori, ubavu unaotaka kunyanyuka ni wa kushoto, yaani upande wa utingo kwa magari yetu ya usukani wa kulia. Ndiyo maana mauntingi ya kushoto hufa kwanza. Sasa tazama mafuta yanavyoongozwa kwenye gari la zamani: pedeli imefungwa kwenye kabini, pampu au kabureta imefungwa kwenye injini, na kati yake kuna ufito wa chuma. Injini ikipanda, ufito unaweza kuvutwa kana kwamba kuna mguu umekanyaga. Mafuta yanaongezeka, nguvu inaongezeka, injini inapanda zaidi, ufito unavutwa zaidi. Dereva hana tena usemi. Na kama ni gari la petroli ambalo busta yake ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, inategemea mvuto wa hewa wa injini, basi mafuta yakifunguka yote mvuto huo karibu unakwisha. Breki inasaidiwa mara moja au mbili, baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama jiwe.

Naogopa kusomwa na mtu atakayesema hizi ni hadithi za mafundi wa porini. Basi nikukumbushe yaliyotokea Marekani. Desemba 1971, General Motors ilitangaza kuyarudisha gereji magari takriban milioni 6.7 ya Chevrolet, ya matoleo ya 1965 hadi 1969, magari madogo pamoja na malori mepesi. Kwa wakati ule hapakuwa na wito wa kurudisha magari mkubwa kama huo. Kosa lilikuwa hilihili: mauntingi inaachana, injini inanyanyuka, mafuta yanafunguka yenyewe. Na marekebisho yao yalikuwa ya kawaida kabisa: walifunga waya mnene wa chuma unaoizuia injini isipande hata mpira ukikatika. Baadaye zikaja mauntingi ambazo vyuma vyake vimeumana, mpira ukifa injini inabaki palepale.

Nimekaa na habari ya waya ule miaka mingi, kwa sababu hapa kwetu mafundi wamekuwa wakifunga mnyororo kwa shabaha hiyohiyo. Msimamo wangu ni kwamba mnyororo ni kitu kizuri ukiwa mlinzi wa pili. Uwe na ulegevu kidogo, uingie upana wa kidole, ushikwe kwenye chesisi kwa bolti na wala usipite karibu na bomba la breki. Ukikazwa kabisa, mtikisiko wote unahamia kwenye fremu na bolti zinaanza kukatika. Ninachokipinga ni mnyororo kuwekwa mahali pa mauntingi. Nimefungua lori la mchanga ambalo injini yake ilikuwa imelala juu ya vipande vya tairi, mpira uleule wa kushonea katambuga, umetobolewa na kupigwa bolti. Mpira wa tairi haukuunganishwa na chuma, umebanwa tu. Injini ikitaka kupanda, haushiki chochote.

Najua spea ya gari la miaka 40 haipatikani kila duka. Bedford, Leyland, Fiat, hata Scania za zamani zilizounganishwa Kibaha, bado zinabeba mchanga, magogo na mahindi huko vijijini, na wenyewe hawana uwezo wa kununua gari jipya. Siombi magari hayo yaondolewe barabarani. Yakiondolewa, mkulima wa Kilolo atabaki na mazao yake shambani. Mauntingi ya gari jingine yenye uwezo wa kubeba uzito ule inaweza kufungwa kwa bamba lililochomelewa vizuri, nimefanya hivyo mara nyingi na gari likaenda miaka.

Ninachoomba ni kipimo kimoja kiwe cha lazima kila lori la zamani linapokaguliwa, popote nchini. Magurudumu yazuiwe kwa mawe, breki ya mkono ivutwe, asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Dereva awashe, atie gia, aachie klachi kidogo tu mpaka gari litake kuondoka, kisha aikanyage tena. Mkaguzi asimame ubavuni, boneti ikiwa wazi au kabini imenyanyuliwa. Injini yenye mauntingi nzima itainama kidogo na kurudi. Yenye mauntingi iliyokatika itaruka, na utaiona kwa macho bila chombo chochote. Kama bado kuna shaka, ni jeki na ubao chini ya sampu, kama alivyofanya mzee wangu kwa gogo. Dakika 5. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea barabarani, kwa hiyo siombi sheria mpya. Naomba ubovu huu utazamwe.

Pia naomba madereva na matingo waambiwe dalili zake, hasa wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama ambapo magari mengi yanakuja kukaguliwa. Kishindo wakati wa kuondoka. Feni kukwaruza rejeta. Gia kuchomoka yenyewe mlimani. Bomba la moshi kupasuka mahali palepale kila baada ya kuchomelewa. Na waambiwe la kufanya injini ikigoma kushusha moto: klachi chini, zima injini, kanyaga breki mara moja kwa nguvu zote bila kuachia. Wengi wetu tumezoea kuipampu breki. Kwenye gari la busta, kila ukiachia na kukanyaga upya unamaliza akiba ya mvuto iliyobaki. Anayepanda mlima Kitonga nyuma ya lori la mbao anastahili kujua kwamba aliye kwenye usukani amefundishwa hilo.

Na oili, Mheshimiwa. Mafundi wenzangu watanisamehe, lakini tunaachia sana kuvuja. Oili na dizeli vinaulainisha mpira mpaka unaachana na chuma. Lori linalodondosha oili upande wa mauntingi lisiambiwe tu kwamba linachafua barabara.

Ile mauntingi ya Bedford bado ninayo. Mzee alinipa siku tuliyofunga mpya, nikaiweka juu ya rafu gerejini, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namwambia aishike, ainyanyue bamba la juu aone mdomo unavyofunguka, kisha aliachie. Ukinipangia siku nitapanda basi nije nayo ofisini kwako, nikuwekee mezani uinyanyue kwa mkono wako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa malori, Iringa