Barua kwa Baba kutoka Nauru

Denigomodu, Nauru

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie na Mama shikamoo yake. Mimi ni mzima wa afya, kazi inaendelea, joto tu ndilo linalonisumbua usiku.

Barua hii itakuwa ndefu kwa sababu nina jambo moyoni na simu haitoshi. Mtandao wa kisiwa hiki cha Bahari ya Pasifiki hukatika katikati ya maneno. Jambo lenyewe ni ile video aliyoituma Kaka kwenye kundi la familia, ya watu wa Nauru walivyotajirika wakachezea pesa mpaka wakafilisika. Nimeona wadogo zangu walivyocheka. Hao wanaochekwa ndio ninaowapima presha kila asubuhi, Baba, na imeniuma.

Kwanza nikujibu ulichouliza, kama utajiri wao ulitokana na mawe ya mbolea. Ndiyo, ni fosfati, ndugu yake yale mawe uliyokuwa ukipakia Minjingu. Na huku pia wanasimulia kwamba asili yake ni kinyesi cha ndege kilichorundikana miaka mingi juu ya matumbawe. Ila Minjingu ni kilima kimoja katika nchi kubwa, na huku kilima ndiyo nchi. Kisiwa kizima kina kilomita za mraba 21 na watu wapatao elfu kumi na mbili. Kutoka Magugu mpaka Minjingu ni safari ndefu kuliko kuizunguka nchi hii yote. Ndege ikitua Yaren magari husimamishwa, maana barabara inapita kwenye ncha ya uwanja.

Makazi karibu yote yako kwenye ukanda mwembamba wa pwani, penye minazi. Ukipanda kidogo unafika sehemu wanayoiita Topside, nayo ni karibu asilimia 80 ya nchi. Muuguzi mwenzangu, mwenyeji wa Buada, alinipeleka. Fosfati ilikuwa imejaa kwenye mianya kati ya nguzo za chokaa ya matumbawe. Wameichota yote, nguzo zimebaki zimesimama wima, za kijivu, zenye makali, nyingine ndefu kuliko nyumba yetu. Huwezi kulima, huwezi kujenga, huwezi hata kukatiza kwa miguu. Kuna vichaka vimeota chini kwenye mashimo, na vyuma vya reli vinaoza. Mwenzangu alinyoosha kidole akasema pale ndipo lilipokuwa shamba la bibi yake, lenye minazi na mikadi. Sikuona dalili yoyote ya shamba.

Sasa yale ambayo video haikusema.

Mnamo 1899 kulikuwa na jiwe lililozuia mlango usijifunge katika ofisi ya kampuni moja huko Sydney, lililoletwa kutoka Nauru. Albert Ellis, mfanyakazi wa kampuni hiyo, alilipima akakuta ni fosfati safi. Wakati huo kisiwa kilikuwa chini ya Wajerumani. Shehena ya kwanza iliondoka 1907, na mwenye ardhi alilipwa nusu peni kwa tani. Nusu peni, Baba! Vita ya kwanza ilipoanza 1914 Waaustralia walikitwaa, kisha Uingereza, Australia na New Zealand wakaunda tume yao ya fosfati, wakawa wanachimba na kujiuzia wenyewe kwa bei ya chini kuliko ya soko, ili wakulima wao wapate mbolea rahisi. Yale malisho ya kijani ya Australia na New Zealand yalinenepa kwa udongo wa hapa. Mpaka uhuru unapatikana, karibu theluthi moja ya fosfati ilikuwa imekwenda. Hiyo miaka sitini haikuwemo kwenye video.

Katikati yake ilikuja vita ya pili. Wajapani waliingia 1942. Walikuwapo wagonjwa 39 wa ukoma. Waliwatia kwenye mashua, wakawavuta hadi baharini wakawazamisha. Mimi ni muuguzi, na kila nikipita ufukweni huwakumbuka. Wenyeji 1,200 walipelekwa visiwa vya Truk kufanyishwa kazi za kulazimishwa. Waliorudi wakiwa hai, tarehe 31 Januari 1946, walikuwa 737. Ndiyo maana uhuru wa 1968 waliuchukua tarehe hiyo hiyo, 31 Januari.

Na wana sikukuu nyingine inayoitwa Angam, tarehe 26 Oktoba. Waliogopa kabila lao litakwisha, hivyo walihesabu watoto mpaka mwaka 1932 watu wao walipofika 1,500, wakafanya sherehe. Baada ya vita wakaanza kuhesabu upya, wakafika tena 1949. Huku mtoto akizaliwa wodini, furaha ya ukoo mzima unaisikia mpaka getini.

Miaka ya sitini Australia iliwaambia kisiwa kitakwisha, wahamie Kisiwa cha Curtis, pwani ya Queensland. Wangekuwa raia wa Australia. Walikataa, wakiongozwa na Hammer DeRoburt, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza, kwa sababu wangeacha kuwa taifa. Kisha mitambo ya kuchimba ardhi yao wenyewe waliinunua kwa dola milioni 21 za Australia. Mwaka 1989 waliipeleka Australia Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya ile ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru ikaachwa ilivyo, na 1993 Australia ikakubali kulipa dola milioni 107 nje ya mahakama. Mwambie Kaka: nchi ya watu wasiojaa hata uwanja mmoja wa mpira iliishtaki Australia na ikalipwa.

Je, pesa walizichezea? Ndiyo, sitaki kukuficha. Miaka ya sabini walikuwa miongoni mwa watu matajiri kuliko wote duniani kwa kichwa. Kodi ya mapato hakuna, hospitali bure, shirika la ndege lenye ndege nyingi kuliko mahitaji, jengo la ghorofa 52 huko Melbourne. Mfuko waliouwekea watoto wao ulitafunwa na viongozi na washauri wa kigeni, wengine matapeli wa wazi. Jengo liliuzwa 2004 kulipa madeni, na benki ya nchi ikafa na akiba za watu. Lakini wazee walioweka pesa zao benki hawakuchezea chochote. Mmoja wao huja kwangu kusafishwa damu, figo zimeshindwa. Ana fungu la ardhi Topside, limegawanyika kwa warithi wengi kiasi kwamba mrabaha unaomfikia hautoshi mchele wa mwezi. Akikaa kwenye mashine hunitajia samaki aliokuwa akivua na babu yake, jina kwa jina.

Kisukari ndicho kinachowamaliza. Tangu watafiti walipopima miaka ya sabini, Nauru imekuwa kati ya nchi zinazoongoza duniani. Ardhi ya kulima ilipokwenda, chakula kikaanza kuja kwa meli: mchele, nyama ya kopo, tambi za pakiti, soda. Meli ikichelewa rafu za duka huwa tupu, na mboga za majani zikifika zina bei ya nyama. Mgonjwa nimwambie ale nini? Ninachomwandikia kwenye karatasi hakipo dukani.

Fosfati bado inachimbwa kidogo. Nchi inaishi zaidi kwa leseni za kuvua jodari, na kwa pesa za Australia, ambayo tangu 2001, kwa vipindi, imekuwa ikiwaleta hapa watu wanaokwenda kwake kwa mashua kuomba hifadhi. Walikuwamo hata Wasomali. Hilo limewaletea ajira na limewachafulia jina, na wenyeji wengi hawapendi kulizungumza. Mwaka 2025 serikali ilianza kuuza uraia kwa dola 105,000 za Kimarekani, ili ipate pesa za kusawazisha Topside na kuhamishia watu huko, maana bahari inapanda.

Linalonitia wasiwasi ni la chini ya bahari. Mwaka 2021 Nauru iliishinikiza mamlaka ya kimataifa ya sakafu ya bahari iharakishe kanuni, ili kampuni ya kigeni ambayo Nauru inaidhamini iweze kuzoa vinundu vya nikeli na kobalti mbali huko kati ya Hawaii na Meksiko. Nimewasikia vijana wakibishana juu ya hilo kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Mmoja anasema ni nafasi yao ya mwisho. Mwingine, aliyemleta mama yake, akamuuliza safari hii nani amepiga hesabu, sisi au wao? Mimi mgeni nilinyamaza, ila moyoni nilikuwa upande wa huyo wa pili.

Ijumaa jioni wanaume hupanda Topside na nyavu za miti mirefu. Huweka spika inayotoa sauti za ndege weusi wa baharini, na ndege wakirudi kutoka kuvua hushuka kuzifuata gizani wakanaswa. Nimeletewa mmoja wa kuchoma, ana ladha ya samaki. Bado wanajua kula kilicho chao.

Baba, msomee Kaka barua hii, na video hiyo aiondoe. Mama asiache kupima sukari kila mwezi, hata akijisikia vizuri, na chai yake ipungue vijiko. Nauli ya kwenda Babati kupima macho nitatuma mwisho wa mwezi pamoja na karo ya Zawadi. Nisalimie Shangazi na majirani wote.

Mwanao akupendaye,
Neema