Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2013: Mwaka Tuliomzika Bi Kidude

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Taarifa hii kwa kawaida huanza na ada na hesabu. Mwaka huu naomba radhi nianze na Jumatano ya tarehe 17 Aprili, kwa kuwa tangu siku hiyo hakikupita kikao cha Kamati Tendaji pasi na jina la marehemu Bi Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, mwimbaji na kungwi wetu wa Unguja, kutajwa, na jambo kubwa nitakalowaomba mliamue leo limetokana na msiba huo. Bibi yetu alifariki Bububu, akazikwa siku ya pili yake huko Kitumba, na Rais Jakaya Kikwete alikuwa miongoni mwa waliofika kumzika. Wanachama wanaume walisindikiza jeneza. Sisi wanawake tulibaki kwenye msiba, kama ilivyo ada yetu, na huko ndiko nilikosikia swali ambalo limenikaa kichwani mwaka mzima. Mama mmoja wa makamo alimuuliza mwenziwe: wari wa Unguja, mabinti waliovunja ungo, sasa watafundwa na nani?

Sifa zake za usanii mnazijua, nami sitazirefusha. Alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, binti wa mchuuzi wa nazi, akiwa mdogo wa umbo hata akaitwa Kidude, jina lililomfuata dunia nzima. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa popote. Wapo waliomhesabia zaidi ya miaka 100, na mjadala huo tangu zamani naona hauna faida. Sanaa yake aliianza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyemtangulia, na tofauti kati yao ilikuwa dhahiri: Siti aliimba akiwa amejifunika uso kwa buibui, na mwanafunzi wake akasimama mbele ya watu uso wazi, sigara mkononi akipenda, bila ya kumwomba mtu ruhusa. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, kwa mchango wake katika muziki. Aliporudi kutoka safari zake za Ulaya na kwingineko aliendelea na kazi za siku zote, za kutengeneza hina na wanja na kuwatibu watu kwa miti shamba. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa mwenyewe, lakini sijui nyumba mjini hapa ambayo watoto wake hawakumwita bibi.

Kazi ambayo wageni waliielewa kidogo, na sisi wenyewe tukaichukulia kuwa ipo tu, ni ile ya ukungwi, yaani kuwafunda wasichana. Msichana akishavunja ungo huwekwa chini ya somo wake, yaani kungwi, na katika unyago hufundwa mambo ya mwili wake, usafi, ndoa na namna ya kukaa na watu, wanaume hawaingii. Mafunzo hayo hayasomwi kama khutba. Hupigwa msondo, ngoma ndefu ambayo Bibi aliifunga kiunoni kwa nguo na kuipanda kama anayepanda farasi, kisha huimbwa wimbo wa mafumbo, wari huonyeshwa kwa mchezo wa viungo kile kinachokusudiwa, na mwisho kungwi hulifumbua fumbo kwa maneno ya kawaida na kujibu maswali ambayo binti hawezi kumuuliza mama yake. Mwenye kuusikia wimbo peke yake amesikia robo ya somo, tena ile robo iliyofichwa.

Bibi alilaumiwa kwa kuutoa msondo uani na kuupandisha jukwaani. Mimi nililaumu pia, na sasa nadhani nilikosea, kwa kuwa alichokionyesha jukwaani kilikuwa mlio na mchezo. Fumbuo lenyewe alikuwa analo yeye na makungwi wenziwe.

Hapa inanibidi niseme kosa letu. Chama hiki kimehifadhi kanda za nyimbo kwa uangalifu mkubwa, na kila kanda ina lebo yake na tarehe yake, lakini hatukumweka mwanachama hata mmoja akae kitako na makungwi wazee ili ajifunze maana zake. Tulimthamini mwimbaji tukamsahau mnasihi. Uongozi ulikuwa na muda na haukuutumia, nami nikiwa mbele.

Baada ya khitma ya arobaini Kamati iligawanyika. Baadhi walitaka tununue kamera tuwarekodi makungwi waliobaki kabla hawajatutoka. Wengine, hasa akina mama, walikataa kabisa, wakisema kilichofichwa wanaume kwa miaka yote hiyo hakiwezi kuwekwa mahali ambapo kijana yeyote ataweza kukitazama. Nilisikiliza pande zote mbili, na nimekubaliana na akina mama.

Tulichofanya badala yake ni kidogo. Kwa jioni kadhaa wanachama wasichana walialikwa uani kwa kungwi mmoja mzee, ambaye ameomba asitajwe. Jioni ya kwanza hakuimba kitu. Aliwasha moto wa makumbi, akaulaza msondo ubavu kuelekea moto, akawa anaugeuza na kuugonga kwa kiganja, huku wasichana wakiuliza mara kwa mara kama ngozi imeshakaza. Kila mara akawajibu, "Bado, inanung'unika." Ilipolia alivyotaka, alimkabidhi ngoma yule aliyekuwa kimya kuliko wote, na kumwambia aanze yeye.

Hesabu za mwaka atazisoma Mweka Hazina, na hazina jambo la kushtua. Ada bado zinachelewa.

Naomba mkutano uidhinishe mambo mawili. Kwanza, fungu lililotengwa kwa ajili ya kununua kamera litumike kwa posho za makungwi na nauli za wasichana. Pili, kanda za unyago tulizonazo zisikilizwe na wanawake pekee, na funguo za kabati ziwe kwa Katibu Msaidizi. Mwenye pingamizi namwomba aliseme leo, kwa maana ngozi ya msondo ule ilipasuka mwezi uliopita, na fundi anataka malipo kabla ya kuuwamba upya.

Mwenyekiti