Mama, hiyo chupa usinunue

Mama mpendwa,

Karo ya Kamau nimeituma jana. Zile shilingi 2,000 za chupa ya pili ya matone ya pua ya shangazi, yale ya kitunguu saumu na pilipili ya kutibu sainasi (uvimbe wa mashimo ya mifupa yaliyo karibu na pua), sitazituma, hata akinuna mwaka mzima. Mwambie kitunguu saumu na pilipili haviingizwi puani. Vinachoma ngozi laini ya ndani, na kamasi anazosema ni "uchafu unatoka" ni pua inajitetea.

Viungo vinywewe. Tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, iponde na maganda yake, uitie kwenye vikombe viwili vya maji pamoja na karafuu 3 na kipande cha mdalasini. Ikichemka punguza moto, funika, ngoja dakika 10. Ukiacha wazi, mafuta ya karafuu yanaishia hewani. Ongeza nusu kijiko cha chai cha manjano na pilipili manga kidogo, kwa sababu bila hiyo mwili hauchukui manjano ila kiasi kidogo sana. Asali na ndimu ni baada ya kuepua. Mtoto wa Njeri hajatimiza mwaka, asali asionje kabisa. Na Baba, kwa ile dawa yake ya kuzuia damu kuganda, manjano ayaache mpaka amuulize daktari.

Chai hiyo hutuliza tu. Kinachoosha vumbi la Januari ni maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwa kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, kamwe si ya bomba moja kwa moja. Inama, ulaze kichwa upande, mimina tundu la juu, yatokee la chini. Majani ya mkaratusi yanaipa pua ubaridi wa kupendeza, ila sufuria ya kujifukiza ikae mezani, mbali na watoto.

Kichwa kikigonga upande mmoja, mwanga ukuudhi na kichefuchefu kije, hicho huenda ni kipandauso. Wengi hukiita sainasi bure. Jicho likivimba au shingo ikikakamaa, ni hospitali usiku huohuo.

Nimepandishwa cheo, Mama: sasa wadi nzima ya usiku iko chini yangu. Lakini tangawizi ya hapa Leeds, Uingereza, imejaa maji, haina ukali wa ile ya soko la Wakulima. Hata hilo vumbi lenu nalitamani.

Kinu cha nyanya yangu kiko wapi? Kama shangazi alikibeba, akirudishe kabla ya Jumapili.

Mwanao,
Wambui